Mlango Uliobaki Wazi: Historia ya Maarifa ya Utando wa Seli na Tiba ya Kipindupindu, 1831–2015

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ugunduzi mmoja wa fiziolojia, yaani kwamba glukosi na sodiamu huvuka utando wa seli za utumbo kwa pamoja, na namna ugunduzi huo ulivyohusiana na tiba ya kipindupindu kwa maji, chumvi na sukari. Historia hiyo inafuatwa kutoka Uingereza ya 1831 hadi maabara za Ulaya, hospitali za Dhaka na Calcutta, kambi ya wakimbizi ya Bangaon, na hatimaye Goma mwaka 1994. Hoja kuu ni kwamba maarifa haya hayakuokoa watu kwa kujulikana tu. Yaliokoa watu pale yalipomfikia anayemnywesha mgonjwa, yakiwa na kipimo chake na sababu yake. Sehemu ya mwisho inajadili maana ya historia hiyo kwa sera za afya na lugha katika nchi za Maziwa Makuu na Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Kipindupindu huua kwa kukausha mwili. Mtu mzima aliyepatwa na ugonjwa mkali anaweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa, na asipotibiwa anaweza kufa siku hiyohiyo aliyoanza kuugua. Miongoni mwa wagonjwa wa namna hiyo, nusu au zaidi hufariki wakikosa tiba. Wakitibiwa ipasavyo, wanaofariki huwa chini ya asilimia 1. Tofauti kati ya takwimu hizi mbili haitokani na dawa adimu. Inatokana zaidi na maji, chumvi na sukari, vitu ambavyo vimekuwamo majikoni mwa watu wengi kwa muda mrefu.

Kwa nini basi tiba hii ilingoja hadi 1968 ndipo ithibitishwe? Na kwa nini, miaka 26 baadaye, maelfu ya watu walikufa kwa ugonjwa huohuo kando ya Ziwa Kivu? Swali la kwanza linajibiwa na historia ya utando wa seli. Swali la pili linahitaji historia ya namna maarifa yanavyosafiri kutoka kwa wanaoyagundua hadi kwa wanaoyahitaji. Makala haya yanayachukua maswali yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa jibu la moja halikamiliki bila la jingine.

2.0 Damu iliyopungukiwa maji: 1831–1953

Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka 1831, tiba ya kawaida ilikuwa kumtoa mgonjwa damu na kumpa dawa za kuharisha. Daktari kijana William O'Shaughnessy alichunguza damu ya wagonjwa na kukuta imepoteza sehemu kubwa ya maji na chumvi zake. Alipendekeza kilichopotea kirudishwe. Mwaka uliofuata, Thomas Latta wa Leith, Uskoti, aliwaingizia wagonjwa maji ya chumvi mshipani, na baadhi yao waliokuwa mahututi waliinuka. Hata hivyo, wengi walizidiwa tena kwa sababu maji yaliendelea kutoka wala hayakuendelea kurudishwa. Njia hiyo iliachwa kwa miongo mingi.

Katika kipindi hicho ugonjwa ulifika pia Afrika Mashariki. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu katika eneo hili kuanzia 1821 hadi 1872. Christie alifuatilia njia ambazo ugonjwa ulisafiri: mahujaji, majahazi na misafara ya biashara iliyounganisha bara na pwani. Kitabu chake kinaonesha kwamba historia ya kipindupindu katika eneo hili tangu mwanzo ni historia ya mipaka inayovukwa. Juu ya kuwaokoa waliokwisha kuugua, tiba ya wakati ule ilikuwa na machache ya kutoa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Leonard Rogers alifufua njia ya maji ya mshipani huko Calcutta na kupunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Lakini tiba hiyo ilidai sindano, maji yaliyotakaswa na mtaalamu wa kuyasimamia. Mahali ambapo kipindupindu kiliua zaidi ndipo vitu hivyo vilipokosekana. Kumnywesha mgonjwa kulionekana hakuna maana, kwa kuwa kila alichokunywa kilipita moja kwa moja. Isitoshe, kwa muda mrefu iliaminika kwamba kipindupindu hubambua ngozi ya ndani ya utumbo. Kama ngozi hiyo haipo, hakuna kitu cha kufyonza maji.

Mwaka 1953 Hemendra Nath Chatterjee wa Calcutta alichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya wagonjwa 186 wa kipindupindu kisicho kikali aliowatibu kwa kuwanywesha maji yenye chumvi na glukosi. Taarifa hiyo haikubadilisha tiba popote. Haikuwa na kundi la wagonjwa wa kulinganisha, wala hapakuwa na nadharia ya kueleza kwa nini njia ile ilifaa. Katika historia hii, Chatterjee anasimama mahali pa pekee: alikuwa na jibu kabla wataalamu wa seli hawajaliuliza swali lenyewe.

3.0 Fumbo la utando

Seli imezungukwa na utando mwembamba unaotenganisha ndani na nje. Mwishoni mwa karne ya 19, Ernest Overton aliona kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hupenya seli kwa urahisi kuliko vinavyoyeyuka katika maji peke yake, akakisia kwamba utando una asili ya mafuta. Mwaka 1925 Gorter na Grendel walipendekeza kwamba mafuta hayo yamepangwa katika tabaka mbili. Maelezo hayo yalifafanua mengi, lakini yalizaa fumbo. Chumvi na sukari haziyeyuki katika mafuta. Ikiwa ukuta ni wa mafuta, vitu hivi vinapitaje?

Usambaaji wa kawaida, ambapo vitu hutoka penye wingi kwenda penye uchache, haukutosha kujibu. Utumbo uliweza kufyonza glukosi hata pale ilipokuwa nyingi zaidi upande wa pili, sawa na maji kupanda mlima. Kazi ya namna hiyo hudai nishati. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, akichunguza neva za kaa, alitambua kimeng'enya kinachotumia nishati ya seli kusukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Pampu hiyo ya sodiamu huifanya seli ibaki na sodiamu chache ndani kuliko nje, hivyo sodiamu iliyo nje hutafuta kuingia wakati wote.

Mwaka 1958 Riklis na Quastel walionesha kwamba ufyonzaji wa sukari katika utumbo hutegemea kuwapo kwa sodiamu. Mnamo Agosti 1960, katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Prague, Robert Crane aliunganisha habari hizi. Alipendekeza kwamba katika utando wa seli za utumbo kuna kibebaji kinachochukua glukosi na sodiamu kwa pamoja. Sodiamu huingia kwa kufuata mteremko uliotengenezwa na pampu, na huivuta glukosi pamoja nayo. Baadaye ilidhihirika kwamba kibebaji hicho ni protini inayochukua ioni mbili za sodiamu kwa kila molekuli moja ya glukosi, na maji hufuata kwa osmosisi. Kundi la Ernest Wright lilitambua jeni ya protini hiyo mwaka 1987.

Wakati huohuo picha ya ugonjwa wenyewe ilibadilika. Mwaka 1959 Sambhu Nath De wa Calcutta alionesha kwamba bakteria wa kipindupindu hutoa sumu, na kwamba sumu hiyo peke yake, bila bakteria, yatosha kuujaza utumbo maji. Mnamo 1960 uchunguzi wa vipande vya utumbo vya wagonjwa wa Bangkok ulionesha kwamba ngozi ya ndani ya utumbo haibambuki. Utumbo ulikuwa mzima, ila mwenendo wake ulikuwa umevurugwa. Leo inafahamika kwamba sumu hiyo hufungulia kloraidi itoke katika seli kwa wingi, na sodiamu na maji huifuata. Pia huzuia njia moja ya kawaida ya kufyonza chumvi. Lakini kibebaji cha glukosi na sodiamu hakiguswi. Kati ya milango ya seli, huo mmoja hubaki wazi, na unahitaji vitu viwili kwa pamoja ili upitike. Chumvi peke yake haitoshi, na sukari peke yake haitoshi.

4.0 Kutoka Manila hadi Bangaon

Ingekuwa rahisi kusimulia kwamba waganga walimsoma Crane kisha wakatengeneza dawa. Mambo hayakwenda hivyo. Crane hakuwa akishughulika na kipindupindu, na waganga wa kipindupindu walifika kwenye glukosi kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Phillips wa Jeshi la Majini la Marekani aliona huko Manila kwamba wagonjwa waliopewa glukosi pamoja na chumvi walifyonza sodiamu. Jaribio kubwa zaidi lililofuata liliishia kwa vifo vya baadhi ya wagonjwa, na likasimamishwa. Mchanganyiko uliotumika ulikuwa mzito mno, na maji mazito utumboni huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza. Msingi ulikuwa sahihi, lakini kipimo kilikuwa na kosa, nacho kipimo ndicho kilichoamua nani aishi.

Njia ilifunguka Asia Kusini. Mwaka 1968 Norbert Hirschhorn na wenzake, katika maabara ya utafiti wa kipindupindu ya Dhaka, walichapisha ushahidi kwamba glukosi iliyoingizwa utumboni hupunguza upotevu wa maji. Mwaka huohuo, katika maabara hiyohiyo, David Nalin na Richard Cash walichapisha jaribio la wagonjwa 29. Wagonjwa waliokunywa mchanganyiko wa glukosi na chumvi walipunguza mahitaji yao ya maji ya mshipani kwa asilimia 80. Siri ya jaribio hilo haikuwa katika vinywaji peke yake. Kiasi kilichotoka kilipimwa, na mgonjwa alinyweshwa kiasi kinacholingana nacho. Calcutta nako kundi jingine la watafiti lilipata matokeo yanayofanana.

Hata hivyo, madaktari wengi waliendelea kuiona njia hiyo kuwa duni, ya kutumika pale tu ambapo dripu hazipo. Ilihitajika dharura ya kweli ili mashaka hayo yapimwe. Vita vya 1971 vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, na kipindupindu kikazuka makambini. Katika kambi ya Bangaon, maji ya mshipani yalipokaribia kwisha, Dilip Mahalanabis aliamua kutumia mchanganyiko wa kunywa: kwa kila lita moja ya maji, gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za bikabonati ya sodiamu. Mchanganyiko huo ulitekwa kutoka kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha. Kabla ya hapo vifo vilikuwa vimefika karibu asilimia 30. Miongoni mwa wagonjwa zaidi ya 3,700 waliotibiwa kwa njia hiyo, waliofariki walikuwa asilimia 3.6.

Umuhimu wa Bangaon kwa mwanahistoria hauko katika kemia, kwa sababu kemia ilikwisha julikana. Kilichokuwa kipya ni nani aliyeshika kikombe. Mama, kaka au jirani asiye na cheti cha udaktari alionekana kuwa anaweza kuifanya kazi hiyo, na akaifanya. Kufikia 1975 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikuwa wamekubaliana juu ya mchanganyiko mmoja wa kutumika ulimwenguni kote. Nchini Bangladesh, shirika la BRAC lilichukua hatua zaidi katika miaka ya 1980: wafanyakazi wake walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawafundisha akina mama zaidi ya milioni 12 kupima chumvi kwa ncha za vidole na sukari guru kwa kiganja. Mafunzo hayo yalitolewa kwa lugha ya akina mama wenyewe, na kwa vipimo vya mikono yao.

5.0 Goma, Julai 1994

Mlipuko mkubwa wa saba wa kipindupindu duniani ulianza Indonesia mwaka 1961, ukaingia Afrika Magharibi mwaka 1970 na kufika Kenya mwaka 1971. Tangu hapo ugonjwa umekuwa mgeni wa mara kwa mara katika nchi za Maziwa Makuu. Janga lake lililo baya zaidi katika eneo hili lilitokea kati ya Rwanda na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire.

Katikati ya Julai 1994, kufuatia mauaji ya kimbari na mwisho wa vita nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwa siku chache na kujaa Goma na viunga vyake. Ardhi ya eneo hilo ni miamba ya volkano, hivyo kuchimba vyoo au hata makaburi kulikuwa shida. Maji safi yalikuwa haba, na wengi walichota moja kwa moja kutoka Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza, watu wapatao 50,000 walikufa. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokana na magonjwa ya kuhara, kipindupindu kwanza na kuhara damu baadaye.

Ukubwa wa msiba huo hauwezi kuelezwa kwa sababu moja. Pasipo maji hakuna cha kuchanganya na chumvi. Lakini timu ya wataalamu waliotoka Bangladesh, taifa lililozaliwa katika vita ileile ya 1971, ilichunguza vituo vya tiba vya Goma na kuchapisha matokeo katika Lancet mwaka 1995. Walitaja kasi ndogo ya kurudisha maji mwilini, matumizi hafifu ya maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, uchaguzi wa maji ya mshipani yasiyofaa, na uhaba wa uzoefu miongoni mwa wahudumu. Kwa maneno mengine, watu walifia pia ndani ya vituo vilivyowekwa ili kuwaokoa, na tiba iliyokuwa na umri wa robo karne ilikuwa inajulikana kwa jina tu.

Hapa pana tofauti kati ya Bangaon na Goma inayostahili kutazamwa na watunga sera. Mahali pote pawili palikuwa na wakimbizi, vita na msongamano. Bangaon haikuwa na miongozo ya kimataifa wala pakiti zilizotayarishwa viwandani, lakini ilikuwa na watu wachache walioifahamu sababu ya tiba yao na kumwamini ndugu wa mgonjwa. Goma ilikuwa na mashirika mengi na miongozo iliyokwisha chapishwa. Kilichopungua, mbali na maji, ni ufahamu uliozoeleka wa kazi yenyewe kwa wale waliokuwa kando ya mgonjwa.

Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kipindupindu kilizuka tena. Walioambukizwa walifika maelfu, lakini waliofariki walihesabika kwa makumi. Idadi ya wakimbizi na mazingira hayakuwa sawa na ya Goma, kwa hiyo ulinganisho una mipaka yake. Hata hivyo, mfano huo unaonesha kwamba matokeo ya 1994 hayakuwa majaliwa ya eneo hili.

6.0 Kipimo, jina na sababu

Historia hii inaacha mambo matatu ambayo yanahusu moja kwa moja kazi ya lugha.

La kwanza ni kipimo. Maafa ya Manila yalitokana na mchanganyiko mzito. Mwaka 2002 mchanganyiko wa kimataifa wenyewe ulirekebishwa na kufanywa mwepesi zaidi: jumla ya chembe zilizoyeyushwa ilishushwa kutoka miliosmoli 311 hadi 245 kwa lita, na sodiamu na glukosi zikawekwa sawa, milimoli 75 kila moja. Mama anayeongeza sukari ili mtoto apende ladha anafanya, bila kujua, kosa la Manila. Pakiti isipokuwapo, kipimo cha nyumbani kinachokubalika ni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, katika lita moja ya maji safi. Maelezo yasiyotaja kwamba kijiko kisawazishwe hayajakamilika.

La pili ni jina. Katika zahanati nyingi dawa hii hujulikana kwa herufi tatu za kigeni, ORS, ambazo hazimwambii kitu mtu asiyejua Kiingereza. Wengine huiita dawa ya kuharisha. Jina hilo lina madhara, kwa kuwa mchanganyiko huu haukusudiwi kuzuia kuharisha. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi mwilini wakati utumbo ukiendelea kutoa, hadi ugonjwa upite. Mzazi aliyeahidiwa kwamba mtoto ataacha kuharisha, kisha akaona bado anaharisha, ana haki ya kudhani dawa imeshindwa na kuiacha. Jina kama “chumvi ya kurudisha maji mwilini” ni refu zaidi, lakini husema kweli.

La tatu ni sababu. Heshima inayopewa dripu kuliko kikombe haitaondolewa kwa amri. Inaweza kupungua pale mtu anapoelewa kwamba kikombe hupeleka maji katika damu kupitia mlango ambao ugonjwa haukuufunga, na kwamba sukari ndiyo inayoifungulia chumvi njia. Wazo hili halihitaji hesabu wala maabara. Kiswahili kina istilahi za kulieleza: utando wa seli, usambaaji, osmosisi, kibebaji, pampu ya sodiamu. Tatizo ni kwamba istilahi hizo hukaa zaidi katika kamusi kuliko katika vitini vya wahudumu wa afya ya jamii. Vilevile hazilingani kila mara kutoka nchi moja hadi nyingine, ilhali ugonjwa huvuka mpaka pamoja na watu.

7.0 Hitimisho

Kutoka kwa O'Shaughnessy hadi Nalin na Cash ilipita miaka 137. Sehemu ya muda huo ilihitajika kwa haki: bila kuelewa utando, ilikuwa vigumu kuamini kwamba utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu bado unaweza kufyonza. Lakini tangu 1968 kisingizio hicho hakipo. Duniani bado chini ya nusu ya watoto wanaoharisha hupewa mchanganyiko huu. Pengo lililobaki ni la usambazaji, mafunzo na maelezo.

Kwa misingi hiyo, makala haya yanapendekeza mambo manne kwa mamlaka za afya, elimu na lugha za nchi zinazopakana. Pakiti zinazosambazwa katika mikoa ya mipakani zibebe maelezo ya Kiswahili pamoja na lugha ya jamii husika, yakieleza kipimo na kusema wazi kwamba dawa haizuii kuharisha. Mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii yaeleze sababu ya tiba, si hatua zake tu, kwa kuwa anayejua sababu hatakosea kwa urahisi hali inapobadilika. Vyombo vya kukuza Kiswahili vya nchi hizi vikubaliane juu ya istilahi za usafirishaji wa vitu katika utando wa seli, na mfano wa glukosi na sodiamu ufundishwe shuleni sambamba na tiba yenyewe. Mwisho, maandalizi ya dharura yawahesabu ndugu wa mgonjwa kuwa sehemu ya watoa huduma tangu siku ya kwanza, kama ilivyofanyika Bangaon, badala ya kungoja wataalamu wafike wakati watu wamekwisha kufa.